Kabla ya kusema visima vya gesi vinabanwa makusudi, tuulizie kwanza habari ya mchanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Barua yangu ni ndefu, ukiona lazima uikate basi kata popote ila ile sehemu ya huko mwishoni kuhusu PURA, mamlaka ya serikali inayosimamia utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, naomba uniachie. Kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa juzijuzi analalamika kwamba visima vyetu vya gesi huku kusini vinabanwa makusudi, kwamba valvu zinafunguliwa nusu wakati nchi ina shida ya umeme, na akauliza hao wataalamu wanamtunzia nani hiyo gesi. Baada ya hapo maneno yakasambaa, kwenye magrupu ya WhatsApp, vijiweni hapa Mtwara, mpaka kwenye daladala mtu anakuambia kwa uhakika kabisa kwamba mzungu kafunga valvu anasubiri bei. Mimi ni fundi wa uzalishaji, nimefanya kazi miaka mingi kwenye visima Oman, kwanza kusini kwenye mafuta mazito halafu katikati ya nchi kwenye gesi, kabla sijarudi nyumbani. Hasira za huyo ndugu nazielewa na simlaumu hata kidogo. Ila sababu moja kubwa ya kubana kisima anaikosa kwenye barua yake yote, na wala sio siri, ni mchanga.

Tuanzie chini. Watu wengi wanadhani huko ardhini kuna pango limejaa gesi, ukitoboa inatoka yenyewe mpaka iishe. Hamna pango. Gesi imekaa ndani ya mwamba wa mchanga, kwenye vijinafasi vidogo kati ya chembe na chembe, na hizo chembe zimegandishwa pamoja na madini ambayo yamefanya kazi ya saruji kwa mamilioni ya miaka. Kisima kikishachimbwa kinawekewa bomba la chuma, linazungushiwa saruji, halafu bomba linatobolewa kwa baruti matundu madogo yanayoingia mpaka kwenye mwamba, na humo ndimo gesi inapita kuja juu. Sasa gesi haiji kwa kubembelezwa, inakuja kwa sababu presha ndani ya mwamba ni kubwa kuliko presha ndani ya kisima. Ukifungua choki zaidi, ile valvu ya kupunguza na kuongeza kule juu, presha ya ndani ya kisima inashuka, tofauti inakuwa kubwa, gesi inakimbia kwa nguvu zaidi, na mwamba ulioko pembeni ya yale matundu unabebeshwa mzigo ambao pengine hauuwezi. Ukizidiwa unabanduka. Chembe zinaachiana na kuja juu na gesi.

Miamba haifanani lakini. Ya Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa 1974, ni ya zamani sana, zaidi ya miaka milioni 100, imeshindiliwa na kushikana. Ya Mnazi Bay huku kwetu, iliyogunduliwa 1982, ni mchanga wa umri mdogo zaidi uliomwagwa na mto Ruvuma wa zamani hizo, na kwa kawaida mchanga mdogo kiumri haujashikana sana. Sisemi kwamba visima vya Mnazi Bay vinatoa mchanga au vya Songo Songo havitoi, naeleza tu kwamba fundi anayefungua kisima kilichopo kwenye mwamba wa umri mdogo na fundi anayefungua kisima kwenye mwamba mkongwe hawafanyi kazi moja, na mtu wa nje akiona huyu kafungua robo na yule kafungua nusu asikimbilie kusema hujuma.

Na mchanga ukishaanza kuja unafanya nini? Hapa ndio nataka wasomaji wanielewe vizuri maana ndipo penye hatari. Gesi inakimbia kwenye bomba kwa kasi, na haina uzito wa kupunguza nguvu ya chembe inavyopiga chuma. Kwenye mafuta mazito chembe inazungukwa na kimiminika kinachoizuia zuia, kwenye gesi kavu inagonga moja kwa moja. Bomba likiwa limenyooka afadhali, likifika kwenye elbo gesi inapinda lakini chembe haipindi, inaenda kugonga ukuta wa nje wa kona, na inayofuata inagonga palepale, mchana na usiku. Wahandisi wamepima hili kwenye chuma wakakuta kwamba ulaji wake hauongezeki sawa na kasi, unaongezeka kwa kasi ikipandishwa kipeo cha kama 2.6. Kwa lugha ya mtaani, ukiongeza kasi mara mbili, chuma kinaliwa mara sita hivi. Ukiongeza nusu tu juu ya ile ya mwanzo, kinaliwa karibu mara tatu, na hapo nimehesabu mchanga uleule, wakati tumeshaona kwamba ukifungua zaidi mchanga wenyewe nao unaongezeka.

Kuna jambo lingine ambalo hata mafundi wengine wanalisahau. Kisima kikizeeka presha inashuka, na watu wanadhani hatari nayo imeshuka. Kumbe gesi ikiwa na presha ndogo inatanuka, yaani kiasi kilekile cha gesi kinachukua nafasi kubwa zaidi ndani ya bomba lilelile, kwa hiyo kasi inapanda. Mtu akiwa anashikilia namba yake ileile ya uzalishaji kwa siku mwaka baada ya mwaka, bila kujua anapandisha kasi ndani ya mabomba yake. Na wakati huohuo mwamba nao umepoteza ile presha iliyokuwa inausaidia kubeba uzito wa ardhi yote iliyoko juu yake, kwa hiyo umechoka zaidi kuliko siku ya kwanza. Songo Songo tayari wamefunga kompresa, mashine za kuipandishia gesi presha, kwa sababu presha ya visima imeshuka na umri, ni jambo la kawaida duniani kote, lakini ndio kipindi ambacho macho yanatakiwa yawe wazi zaidi.

Kule Oman nilishuhudia kona ya bomba ikitoboka. Kilikuwa kisima kipya cha gesi, kinasafishwa baada ya mwamba wake kupasuliwa kwa kimiminika cha presha kubwa ili gesi ipite, na kampuni ya ukandarasi iliyokuwa inasimamia usafishaji (sitaitaja) ilikuwa na haraka ya kumaliza na kuhamisha vifaa. Wakafungua choki hatua kubwa kubwa. Bomba lilikuwa jipya, limepimwa, lina vyeti vyake vyote, na kabla zamu haijaisha elbo ilikuwa imeshapata tundu na gesi inapiga kelele ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Bahati ilikuwa upande wetu, valvu ya dharura ilifunga, hamna aliyeumia. Lakini ujue hata hiyo valvu ya dharura, pamoja na ile nyingine inayokaa chini ndani ya kisima ya kufunga kama kichwa cha kisima kikipata ajali, adui yake ni huyohuyo mchanga. Chembe zikikaa kwenye kiti cha valvu haifungi sawasawa. Kwa hiyo mchanga unatoboa bomba na papo hapo unaharibu kile kifaa ambacho ulikuwa unakitegemea bomba likitoboka. Ndio maana mimi mtu akiniambia "si wafungue tu" huwa nashtuka kabisa.

Alikuwepo mzee mmoja pale, Mwomani wa asili ya Unguja, wengi kule bado Kiswahili chao safi, sisi vijana wa kutoka huku tulikuwa tunamwita Ami. Huyu ndiye alinifundisha kufungua kisima. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye kona ya bomba na sikio lake kwenye mpini, anatulia, anasikiliza. "Fungua kidogo mwanangu, kisha ungoje, ukisikia kunachakacha usiongeze mpaka kutulie." Na mara nyingi kweli kunatulia, maana kisima kikifunguliwa hatua mpya kinamwaga zile chembe zilizolegea halafu mwamba unajipanga upya, matundu yanakaa sawa, mchanga unapungua wenyewe. Asiye na subira anaongeza kabla mwamba haujajipanga na hapo ndipo anapouvunja. Siku hizi kazi ya bisibisi ya Ami inafanywa na sensa ya sauti inayofungwa nje ya bomba, mbele kidogo tu ya kona, inahesabu kelele za chembe zinazogonga na kupeleka kwenye kompyuta. Ipo na nyingine inayoingizwa ndani ya bomba, ina kipande chembamba cha chuma ambacho kikiliwa umeme unapita kwa shida zaidi na wewe unajua umepoteza kiasi gani. Vifaa vizuri, ila ile ya sauti isipopimwa kwanza kwa kuingiza mchanga wa kiasi kinachojulikana inakuletea namba ambazo hazina maana, na nimeona sehemu zimefungwa za gharama kubwa halafu hamna mtu aliyewahi kuzipima tangu siku zilipofungwa.

Nirudi kwetu. Ukiacha kufungua sana, kuna vitu vingine viwili vinavyoamsha mchanga, na vyote vinatuhusu. Kimoja ni maji. Watoto wakicheza pale Msimbati ufukweni wanajua, mchanga wenye unyevu kidogo unaujenga nyumba inasimama, ukiumwagia ndoo ya maji nyumba inaanguka. Chini kule ni hivyohivyo, ule unyevu mdogo kati ya chembe unazishikilia, kisima kikianza kuvuta maji mengi mshiko unapotea na baadhi ya ile saruji ya asili nayo inalegea. Kisima kilichokaa miaka bila mchanga kinaweza kuanza kutoa mchanga mwaka kilipoanza kutoa maji. Kwa hiyo anayesoma ripoti ya kisima aangalie maji kwanza, huwa yanatangulia.

Kingine ni kufunga na kufungua. Kila ukizima kisima ghafla na kukiwasha ghafla, presha inapanda na kushuka na mwamba unapigwa. Sasa fikiria hali yetu ya umeme. Kwa miaka mingi gesi ndiyo imebeba sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii, na sasa tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 ambalo lilianza kuwasha mashine 2024, jambo jema sana na mimi nalifurahia. Lakini maana yake ni kwamba mvua zikiwa nyingi mitambo ya gesi itapumzika, kiangazi kikikaza itaitwa kwa nguvu, na kule mwisho wa bomba kuna visima vinavyofungwa na kufunguliwa kufuata mvua ya Rufiji. Watu wa umeme wanafikiria megawati, wao wanabonyeza na wanataka gesi sasa hivi. Kisima hakijui habari ya bonyeza. Mimi ushauri wangu, na nadhani fundi yeyote aliyekaa kisimani ataniunga mkono, ni kuchagua kabisa visima gani ndio vya kupanda na kushuka, vile vyenye mwamba mgumu na vifaa imara, na vile dhaifu vikaachwa vitiririke taratibu bila kuguswaguswa. Na wanaopanga umeme na wanaopanga visima wakae meza moja kabla ya msimu, sio wapigiane simu usiku mgao umeshaanza.

Mtu ataniuliza, si kuna machujio, kwa nini wasiweke chujio tukafungua kisima chote? Yapo. Kuna bomba lenye waya uliozungushwa na kuacha mianya midogo midogo, kuna bomba lililochanwa michirizi, na kuna njia ya kujaza changarawe maalumu, iliyochekechwa kwa saizi moja, kati ya chujio na mwamba ili changarawe izuie mchanga na chujio lizuie changarawe. Saizi ya hiyo changarawe haikisiwi, toka mtafiti anayeitwa Saucier afanye majaribio yake mwaka 1974 kanuni inayotumika ni mara 5 hadi 6 ya chembe ya kati ya mchanga wa mwamba wako. Ukiweka kubwa mno mchanga unapenya, ndogo mno unajibania gesi mwenyewe. Nigeria kwenye delta yao, ambako mwamba ni wa umri mdogo na mlaini, hizi ni kazi za kila siku, na kusini mwa Oman visima vya machujio nimevihudumia vingi tu. Lakini chujio linaziba. Linaziba kwa vumbi laini kuliko mchanga wenyewe, na likiziba sehemu, gesi yote inajikusanya kwenye sehemu ndogo iliyobaki wazi, kasi inapanda hapo, chujio linatoboka, ukajikuta umerudi mwanzo na sasa una chuma kimekwama chini. Kubwa zaidi, hii kazi inaamuliwa kabla kisima hakijakamilishwa. Kuja kuweka chujio baadaye kwenye kisima kinachofanya kazi ni kuleta rigi (mtambo wa kuchimbia), kuua kisima, yaani kukijaza kimiminika kizito gesi isitoke, kutoa mabomba, na kama kisima chenyewe kiko baharini au kisiwani gharama yake hata sitaki kuanza kuihesabu.

Ndio maana napiga kelele sasa na sio baadaye. Ntorya, eneo jingine la gesi hapahapa Mtwara, imepata leseni ya uendelezaji 2024, na anayesimamia ni ARA Petroleum ambayo asili yake ni Oman, watu ambao jangwani kwao mchanga wa visimani wanaujua vizuri, na gesi yake inatakiwa ifike kwenye mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba. Uganda nao wako na mradi wa mafuta wa Tilenga, visima zaidi ya 400 kwenye wilaya za Buliisa na Nwoya, pamoja na Kingfisher yenye visima 31, mafuta yake ndiyo yanayokusudiwa kupita kwenye bomba la kilomita 1,443 mpaka Chongoleani Tanga. Miamba ya Ziwa Albert ni ya umri mdogo na baadhi haiko mbali na uso wa ardhi, kwa hiyo kule habari ya mchanga sio ya kuuliza ikishatokea, inakaa kwenye mchoro wa kisima toka siku ya kwanza. Vijana wetu watakaofanya kazi kwenye hiyo miradi wanatakiwa wajue haya kabla hawajavaa kofia ngumu.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimemwonea yule ndugu aliyeandika. Kubana nako kunaweza kuzidi. Norway kwenye visima vya Statfjord na Gullfaks walikaa muda mrefu na msimamo kwamba kisima kikianza kutoa mchanga kibanwe mpaka kisitoe mchanga kabisa, hata chembe. Baadaye wakajiuliza, kwani mchanga kidogo unaoujua kiasi chake, na unajua unakula chuma kwa kiwango gani, una ubaya gani? Wakabadilisha utaratibu, wakaruhusu kiasi kinachokubalika, wakapima kila kisima, wakapima unene wa kuta za mabomba, na uzalishaji ukaongezeka bila kuchimba kisima kipya hata kimoja. Kanada kule Lloydminster wamefika mbali zaidi, mafuta yao ni mazito hivi kwamba wanaacha mchanga uje makusudi kwa pampu za skrubu, mwanzoni hata zaidi ya asilimia 10 ya kinachotoka ni mchanga, maana ukitoka unaacha njia za mafuta kupita. Hiyo ni mafuta mazito ya polepole, mtu asije akaileta kwenye gesi yetu. Lakini utaona kwamba jibu sio lazima liwe "bana". Jibu ni "pima". Asiyepima hana haki ya kufungua sana na wala hana haki ya kubana sana halafu akatuambia tumwamini.

Na hapa ndipo nilipokuwa napaendea, Mhariri. Wananchi tunaambiwa nini kuhusu visima vyetu? Tunaambiwa nchi ina gesi trilioni 57.54 za futi za ujazo. Tunaambiwa mtambo wa Madimba una uwezo wa futi milioni 210 kwa siku na wa Songo Songo milioni 140, bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam ni la inchi 36, limekamilika 2015. Hizo namba kila mwandishi anazijua kwa kichwa, na waheshimiwa bungeni wanazirudia. Lakini kisima kimoja kimoja kinaendeleaje, kimetoa maji kiasi gani mwaka huu, kimetoa mchanga au hakijatoa, kimefungwa siku ngapi na kwa sababu gani, choki iko wapi na kwa nini iko hapo, hayo mwananchi wa Msimbati ambaye kisima kiko nyuma ya shamba lake la minazi anayapata wapi? Mtu asipoambiwa kwa nini valvu imefunguliwa nusu atajitungia sababu yake, na kwa kweli mimi siwezi kumlaumu. Sisi Mtwara tunakumbuka 2013. Watu walipoingia barabarani kusema gesi haitoki, hasira ilikuwa juu ya bomba ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na miaka ya kutoelezwa kitu. Watu walipoteza maisha. Sitaki tufike tena pale kwa ajili ya choki ambayo fundi angeweza kuielezea kwenye mkutano wa kijiji kwa nusu saa.

PURA ipo kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya 2015, na kazi yake ni hii hii ya kusimamia visima. Ombi langu kwao ni kwamba kila mwaka watoe taarifa fupi ya kila kisima kinachozalisha, kwa Kiswahili, na ndani yake waweke mchanga na maji na siku za kufungwa pamoja na matokeo ya kupima unene wa mabomba kwenye kona. Najua watasema kuna mambo ya siri za kibiashara. Bei na mikataba sawa, tuibishanie siku nyingine, lakini mchanga hauna mshindani wa kuibiwa siri yake, mwamba ni wetu na bomba linapita karibu na nyumba zetu. Kama TEITI, ile taasisi ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi, wanaweza kutoa ripoti za mapato basi na afya ya visima inaweza kutolewa. Na taarifa hiyo itawalinda wao wenyewe, maana siku mwanasiasa atakapowapigia simu wakati wa mgao awaambie wafungue zaidi, watakuwa na karatasi iliyoko hadharani ya kumwonyesha kwamba kisima fulani kikifunguliwa kupita hapa kinaanza kumwaga mchanga. Bila hiyo karatasi fundi wa zamu anabaki peke yake na simu mkononi, na fundi wa zamu ana watoto wanaosoma.

Kuna pia habari ya mchanga wenyewe ukishatolewa, huwa hamna anayeuliza. Ule sio mchanga wa kujengea. Unatoka na mafuta mafuta, na sehemu nyingine duniani umekutwa na madini ya asili yenye mionzi yaliyojikusanya ndani ya sepereta, chombo cha kutenganisha gesi na maji, na matangi. Unatakiwa upimwe, uandikwe umetoka kiasi gani, ulipelekwa wapi na nani alisaini. Kule Kanada wanaupeleka mpaka kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi. Kwetu huku watu wanavua na wanalima hatua chache kutoka kwenye visima, naomba hilo nalo liwe kwenye taarifa.

Kwa waandishi wako ninalo neno pia. Nawasoma na wanajitahidi, ila wakipelekwa ziara Madimba wakapigwa picha na kofia nyeupe wasirudi na namba ya uzalishaji peke yake. Wamuulize meneja sensa za mchanga ziko ngapi na zilipimwa lini kwa mara ya mwisho. Waulize kona ya bomba iliyoliwa kuliko zote imebaki na unene gani ukilinganisha na siku ilipofungwa. Hilo la mwisho halihitaji shahada, linajibiwa kwa milimita, na meneja anayejua kazi yake atalijibu palepale bila kufungua faili.

Na wale wa VETA Mtwara na UDOM wanaofundisha vijana mambo ya mafuta na gesi, mimi na wenzangu wachache tuliorudi kutoka Uarabuni tuko tayari kuja kufundisha bure hii sehemu ya kufungua kisima taratibu na kusoma mchanga. Tulishaongea wenyewe kwa wenyewe na tumekubaliana. Tunachohitaji ni chuo kimoja kitupe chumba na kipande cha bomba lenye elbo, kompresa ya upepo tutaitafuta wenyewe, mchanga tutauchukua ufukweni.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa uzalishaji,
Mikindani, Mtwara